Jioni Beaune: maduka kwa haraka, mvinyo kwa utulivu, na jiko lililokwisha fungwa saa tatu na nusu

Mwezi wa Mei jua la Beaune, mji wa mvinyo huko Burgundy, Ufaransa, linazama saa tatu usiku na ushee, na ndilo lililotuponza. Mimi na shemeji tulishuka kwenye treni kutoka Dijon, safari ya dakika ishirini hivi, tukaona mwanga bado mkali tukajipa muda. Kumbe maduka mengi yanafunga saa moja, jua liwepo lisiwepo.

Tulichowahi ni haradali. Fallot wanaitengeneza hapo mjini tangu mwaka 1840, na mbegu bado zinasagwa kwa mawe. Dukani unaonja kabla ya kununua. Ya kawaida ilinipanda puani hadi machozi. Ya cassis, lile tunda dogo jeusi la Burgundy, ina rangi ya zambarau na utamu kwa mbali. Nilichukua chupa mbili. Usizitie kwenye begi la mkononi: uwanja wa ndege haradali wanaihesabu kama kimiminika, na zangu ziliishia kwenye pipa la taka.

Hôtel-Dieu, hospitali kongwe ya mji, tuliipitia kwa nje tu, nayo kwa nje haikuambii kitu. Vile vigae vya rangi unavyoviona kwenye kila kadi ya posta vimeelekea uani, na uani huingii bila tiketi. Ilijengwa kuanzia mwaka 1443 iwe hospitali ya maskini, na hadi leo taasisi yake ina mashamba ya mizabibu iliyoachiwa na wafadhili. Mvinyo wake unapigwa mnada kila Novemba.

Sasa baa. Tuliingia moja ndogo karibu na Place Carnot, meza sita, orodha imeandikwa kwa chaki ukutani. Ingia na "bonsoir", salamu ya jioni, kwanza. Shemeji alianza na swali, akajibiwa "bonsoir" kavu mpaka naye aliposalimia. Orodha ilinichanganya kwa sababu haitaji zabibu, inataja vijiji: Pommard, Volnay, Meursault. Mhudumu alitupa ufunguo kwa sentensi moja: huku, mwekundu ni wa zabibu za pinot noir na mweupe ni wa chardonnay, karibu kila mara, kwa hiyo unachochagua ni udongo. Basi nikachagua udongo. Glasi ya Savigny-lès-Beaune, sentilita 12, yuro 9. Ya Pommard yuro 14. Pommard ilikuwa nzito, imekunja uso, labda ilihitaji miaka zaidi. Savigny ilinikalia vizuri, nyepesi, kama tunda lililotoka kuoshwa, na nikarudia. Shemeji alibaki na kir, mvinyo mweupe wa zabibu za aligoté uliotiwa pombe tamu ya cassis, yuro 6, akasema mimi najisumbua bure.

Tulikaa mno. Mgahawa wa kwanza tulioufikia, saa tatu na nusu, jiko lilikuwa limefungwa ingawa watu walikuwa bado wanakula. Mwenye mgahawa hakutuangalia hata usoni. Wa pili alitupokea huku akitazama saa. Chakula cha hatua tatu, yuro 34. Mayai ya meurette, yaliyochemshwa bila ganda na kuzamishwa kwenye mchuzi wa mvinyo mwekundu, ndiyo nitakayoyakumbuka. Mkate wote uliisha kwenye mchuzi ule. Ila ndani yake mna vipande vya nyama ya nguruwe, na menyu haikusema. Usiyekula, uliza. Nyama ya ng'ombe ya bourguignon ilikuwa laini lakini imepoa kidogo. Maji ya jagi ni bure ukiyaomba, na huduma imo ndani ya bei, kwa hiyo bakshishi ni hiari yako.

Kisha ikaja jibini ya Époisses, ambayo ganda lake huoshwa kwa pombe kali ya zabibu. Ilinuka kama raba za mpira baada ya mechi. Nikala yangu, nikala na ya shemeji, ambaye alikuwa amehamia kiti cha dirishani.