Tathmini ya Mpango wa Lishe Mbadala kwa Wagonjwa wa Saratani

Huduma ninayoitathmini hapa ni mpango wa lishe na mtindo wa maisha unaouzwa kwa njia ya intaneti kwa watu waliogunduliwa kuwa na saratani. Sitautaja kwa jina, kwa sababu mipango ya aina hii ni mingi, masomo yake yanafanana karibu neno kwa neno, na ninayoyasema juu ya mmoja yatamfaa anayefikiria kununua mwingine. Anayelipa hupata masomo ya video, kitabu cha mapishi, orodha ya vidonge vya virutubisho, kundi la mazungumzo na wagonjwa wenzake, na mshauri anayejibu ujumbe. Dada yangu aliununua baada ya kufanyiwa upasuaji wa saratani ya titi, alipokuwa akisubiri kuanza tibakemikali, yaani dawa za kuua seli za saratani, na mimi ndiye niliyekuwa nikimwandalia vyakula na kufuatilia masomo pamoja naye.

Kilicho bora katika mpango mzima ni sehemu ya mazoezi, ingawa wenye mpango wenyewe wameiweka mwishoni kana kwamba ni nyongeza tu. Somo hilo linamtaka mgonjwa atembee kila siku kwa kadiri ya nguvu zake, aongeze mwendo polepole, na afanye mazoezi mepesi ya kuimarisha misuli. Hapa hakuna dhana tupu. Mwaka 2025 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliohusisha wagonjwa 889 wa saratani ya utumbo mpana, waliokwisha kufanyiwa upasuaji na kumaliza tibakemikali, ambao baadhi yao waliwekwa katika programu ya mazoezi yenye msimamizi kwa miaka 3 na wengine wakapewa maelezo ya afya ya kusoma tu. Baada ya miaka 5, takriban asilimia 80 ya waliofanya mazoezi walikuwa hai bila ugonjwa kurudi wala saratani mpya kujitokeza, ikilinganishwa na asilimia 74 upande wa pili. Ni tofauti ambayo kampuni ya dawa ingeitangaza kwa tarumbeta. Jambo la kuzingatia ni kwamba wagonjwa wale walifanya mazoezi baada ya matibabu ya hospitali, wala hawakuyafanya badala yake, na sentensi hiyo moja haimo popote katika somo.

Mawaidha ya jumla kuhusu chakula nayo hayana ubaya. Mpango unasisitiza mboga, matunda, kunde na nafaka zisizokobolewa, na unakataza pombe na nyama za kusindikwa. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka nyama ya kusindikwa mwaka 2015 katika kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu, na pombe ilikuwa imo katika kundi hilo tangu mwaka 1988. Lakini mpango unarukia kutoka hapo hadi mahali pasipofikika: kwamba kwa kuwa chakula fulani huchangia ugonjwa, basi kukiacha kutauondoa ugonjwa uliokwisha kuota. Kuepusha ugonjwa ni jambo moja na kuutibu ni jingine.

Moyo wa mpango ni juisi. Sehemu hii imechukuliwa, bila kusema waziwazi, kutoka kwa Max Gerson, daktari mzaliwa wa Ujerumani aliyebuni lishe yake kati ya miaka ya 1920 na 1930, kwanza kwa ajili ya kipandauso na kifua kikuu, kisha akaihamishia kwenye saratani. Mgonjwa hunywa hadi glasi 13 za juisi mbichi kwa siku, hasa ya karoti, tufaha na majani mabichi, hali chumvi hata kidogo, na huingiziwa maji ya kahawa kwenye utumbo kwa njia ya haja kubwa kwa madai kwamba kahawa hiyo huamsha ini litoe sumu. Anayedhani kwamba ni jambo jepesi na akamue mwenyewe siku moja. Karoti huoshwa, huparwa, hukatwa na kusukumwa katika mashine. Juisi sharti inywewe papo hapo, kwa hiyo haiwezekani kukamua asubuhi na kuweka akiba. Makapi huganda kwenye chujio na yasiposuguliwa kwa brashi mara moja mashine hukwama. Chujio halijakauka, saa ya glasi nyingine imekwisha kufika. Kazi hiyo inamtaka mtu mzima asiye na shughuli nyingine, na kitabu cha mapishi kinamwita mtu huyo "msaidizi" tu, kama vile kila mgonjwa ana mmoja amekaa akimsubiri.

Ushahidi wa mambo haya uko wapi? Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani ilichunguza wagonjwa 10 wa Gerson mwaka 1947, na ikapitia kumbukumbu za wengine 50 mwaka 1959, isione dalili kwamba tiba hiyo iliwafaa. Kwa upande wa kahawa hali ni mbaya zaidi, kwa sababu kuiingiza mara kwa mara kunaweza kuvuruga madini ya sodiamu na potasiamu mwilini, kuleta maambukizi na kuujeruhi utumbo, na vifo vimewahi kuripotiwa. Katika video za mpango huu, namna ya kuosha karoti imeelezwa kwa urefu na kwa uangalifu kuliko hatari za kahawa. Dada yangu aliikataa kahawa tangu siku ya kwanza, kwa maneno ambayo sitayaandika, na kwa hilo namshukuru.

Mafuta ya mbegu za kitani yaliyochanganywa na jibini laini, ambayo yanatokana na Johanna Budwig, mwanakemia wa Ujerumani aliyeanza kuyanadi katika miaka ya 1950, nayapita haraka. Hayatibu saratani, lakini yalikuwa karibu mlo pekee katika wiki za mwanzo wenye nguvu na protini ya maana.

Somo la asidi na alkalini ndilo lililonikera kuliko yote, pengine kwa kuwa linasemwa kwa sauti ya kisayansi na michoro mizuri. Mgonjwa huambiwa kwamba saratani hustawi katika mwili wenye asidi, kwamba vyakula fulani huugeuza mwili kuwa wa alkalini, na kwamba ajipime mkojo kwa vikaratasi vya rangi kila asubuhi. Ukweli ni kwamba mapafu na figo huishikilia damu kati ya 7.35 na 7.45 katika kipimo cha asidi, mtu ale ndimu au ale mchicha, na damu ikitoka nje ya mipaka hiyo mgonjwa huyo anahitaji kukimbizwa hospitali. Mkojo hubadilika, ndiyo, kwa sababu ndiyo njia ambayo figo hutupia kilichozidi. Kikaratasi kinachobadilika rangi kinaonyesha tu kwamba figo zinafanya kazi yake. Mtoa somo anamtaja Otto Warburg, mwanasayansi wa Ujerumani, na kudai kwamba alipewa Tuzo ya Nobel kwa kugundua kuwa asidi ndiyo chanzo cha saratani. Warburg alipewa tuzo hiyo mwaka 1931 kwa utafiti wake juu ya kimeng'enya cha upumuaji wa seli.

Ni kweli kwamba Warburg aliona seli za saratani zikitumia glukosi, yaani sukari ya kwenye damu, kwa wingi kupita kawaida, na hospitali hutumia tabia hiyo hiyo kuutafuta ugonjwa, kwa kumdunga mgonjwa sukari yenye mionzi kidogo na kupiga picha mahali inapokusanyika. Lakini haifuati kwamba kuacha sukari kutaziua seli hizo kwa njaa. Ini huendelea kutengeneza glukosi hata kama mtu hali wanga kabisa, na chakula kikipungua sana hutumia hata protini inayotoka kwenye misuli. Anayekonda ni mgonjwa. Uvimbe unapata riziki yake kama kawaida.

Hapo ndipo tulipogongana na mshauri. Shirika la Ulaya la Lishe ya Wagonjwa linashauri kwamba mgonjwa wa saratani apate protini zaidi ya gramu 1 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, na ikiwezekana hadi gramu 1.5. Mpango unaondoa nyama, samaki na mayai, unaondoa maziwa isipokuwa lile jibini, na katika wiki za mwanzo unapunguza hata kunde. Dada yangu alianza kupungua na nguo zikaanza kumpwaya. Tulipomwandikia mshauri, jibu lilikuja upesi, lenye upole na maua: "Dada yangu, usihofu, hizo ni sumu zinatoka, mwili unajisafisha." Mtaalamu wa lishe wa hospitali alipompima hakuona sumu yoyote iliyotoka. Aliona misuli imepungua. Alieleza kwamba kipimo cha dawa nyingi za tibakemikali hukokotolewa kwa urefu na uzito wa mgonjwa, na kwamba anayeingia katika matibabu akiwa amedhoofika huyavumilia kwa shida zaidi, na mara nyingine hulazimika kupunguziwa dozi au kuahirishiwa. Alimrudishia mayai, samaki na maharage siku hiyo hiyo.

Lile jibu la mshauri ndilo linalonifanya nisiweze kuupendekeza mpango huu. Mgonjwa akijisikia vizuri, lishe imefanya kazi. Akijisikia vibaya, huo ni "msukosuko wa uponyaji", na aongeze juisi. Asipoona mabadiliko, basi hakuufuata mpango kwa ukamilifu, na huulizwa alikula nini siku ambazo hakuripoti. Tulimuuliza mshauri kwa maandishi ni dalili gani ingemfanya amwambie mgonjwa aache mpango na kurudi kwa daktari. Alituelekeza kwenye kifurushi cha juu zaidi, chenye ushauri wa ana kwa ana. Daktari bingwa wa saratani, kwa ubaya wake wote wa kuwa na haraka na mlolongo wa watu mlangoni, hutaja mapema ni picha ipi na kipimo kipi kitakachomwonyesha kwamba dawa imeshindwa, na ikishindwa huibadilisha. Mpango usio na namna ya kushindwa hauwezi kupimwa, na mwisho wa yote lawama humwangukia mgonjwa.

Shuhuda zinazouza mpango zinahitaji kusikilizwa kwa makini. Nyingi, ukizifuata hadi mwisho, ni za watu waliofanyiwa upasuaji, uvimbe ukaondolewa wote, kisha wakakataa tibakemikali au mionzi na kushika juisi. Kwa wagonjwa wa namna hiyo, mara nyingi kisu ndicho kilichotibu, na dawa za baadaye hutolewa ili kupunguza uwezekano wa ugonjwa kurudi. Wapo ambao ugonjwa usingewarudia hata bila dawa, na hao ndio wanaosimama mbele ya kamera; wale ambao uliwarudia hawarekodiwi. Mwaka 2018 watafiti nchini Marekani walichapisha ulinganisho wa wagonjwa 281 wenye saratani isiyosambaa ya titi, tezi dume, mapafu au utumbo mpana, waliochagua tiba mbadala peke yake, na wengine 560 wanaofanana nao waliopata matibabu ya kawaida. Hatari ya kufa kwa kundi la kwanza ilikuwa mara 2.5 ya ile ya kundi la pili, na kwa saratani ya titi ilizidi mara 5. Mpango una ilani kwa herufi ndogo kwamba hauchukui nafasi ya ushauri wa daktari, lakini video zake zote zinasema kinyume chake.

Orodha ya vidonge isinunuliwe kabisa. Inauzwa na wenye mpango wenyewe, na ndani yake mna kitu wanachokiita vitamini B17, kinachotokana na kokwa chungu za aprikoti. Hiyo si vitamini. Ikimeng'enywa tumboni hutoa sumu ya sianidi, na jaribio lililochapishwa mwaka 1982 kwa wagonjwa 178 halikuonyesha faida yoyote, huku baadhi yao wakionekana na kiwango cha sianidi kwenye damu kinachokaribia kuua. Hata vidonge vinavyoonekana vya kawaida vina hatari zake: nchini Finland, wavutaji sigara waliopewa betakarotini, kirutubisho ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A, katika utafiti mkubwa uliotangazwa mwaka 1994 walipata saratani ya mapafu zaidi kuliko wasiopewa. Baadhi ya dawa za mitishamba huharakisha ini kuivunja dawa ya hospitali kabla haijafanya kazi yake. Chochote mgonjwa anachomeza, na kiwekwe mezani mbele ya daktari au mfamasia, pamoja na chupa yake.

Lazima niseme pia kwa nini watu hulipa, maana si ujinga. Mshauri alijibu ujumbe usiku wa manane. Katika kundi la mazungumzo dada yangu alipata wanawake waliojua uchovu anaouzungumzia, na baadhi yao bado wanawasiliana naye. Kila asubuhi alikuwa na kazi ya kufanya kwa ajili ya mwili wake mwenyewe, wakati hospitali ilikuwa imempa tarehe tu na kumwambia asubiri. Vitu hivyo ndivyo mpango unavyouza hasa, na hospitali zinazovipuuza zinawapelekea wauzaji hawa wateja.

Kwa aliyekwisha kulipa, naona inafaa atumie masomo ya mazoezi, ya usingizi na ya kutuliza mawazo, na mapishi ya mboga yale yenye kunde, akiwa anaendelea na matibabu na baada ya kumwonyesha mtaalamu wa lishe kitabu chote. Juisi moja kwa siku haina neno, ila anayepata tibakemikali aulize kwanza, kwa kuwa kinga inaposhuka vyakula vibichi vinaweza kuleta maambukizi. Ambaye hajalipa, aombe kwanza kuonana na mtaalamu wa lishe wa hospitali anakotibiwa na aulizie kama kuna kundi la wagonjwa. Malipo ya mpango huu hujirudia yenyewe kila mwezi, na kitufe cha kujitoa hakipo kwenye ukurasa wa mteja. Sisi tulijitoa kwa kumwandikia mshauri, ambaye safari hiyo alichelewa kujibu.