Ziara ya Gede: jahazi la ukutani limenifurahisha, muongozaji amenikera mpaka leo

Sikupanga kuandika ila hasira haijaniisha. Juzi kati tulienda magofu ya Gede, ule mji wa kale wa Waswahili karibu na Malindi, na kampuni moja ya utalii, jina naliacha. Gari safi, dereva mstaarabu, hapo sina neno.

Mimi nilichofuata kule ni kitu kimoja, ule mchoro wa jahazi uliochanjwa kwenye lipu ya chokaa, ule uliofanya nyumba nzima iitwe Nyumba ya Jahazi. Ukiuangalia juu juu unaona mikwaruzo tu, mpaka usogee pembeni mwanga uulalie ukuta ndio chombo kinatokea, kwanza mwili, halafu mlingoti, jamani nilisisimka! Aliyechora alikijua chombo, huyo si mtu wa kuona jahazi kwa mbali.

Sasa nimeinama pale natazama, kijana mmoja wa kundi letu katoa ufunguo wa gari anakwaruza jina lake ukutani, hatua chache tu kutoka pale. Nikamwita muongozaji, kaka mzuie huyu. Akanijibu, "Dada, usijipe presha, kwani hao mabaharia si walichora pia?" Watu wakacheka, kijana akamalizia herufi zake.

Hilo jibu ndilo limenikaa rohoni. Zamani ukija pwani kwa jahazi na upepo wa kaskazi ulikuwa huondoki mpaka ule wa kusi uanze, miezi unangoja, mtu anachora kile anachokiishi, tanga na kamba zake. Mitepe, vile vyombo vya kushonwa kwa kamba bila msumari, haisafiri tena, na michoro kama hii ni kati ya vitu vichache vinavyotuonyesha vyombo vya zamani vya pwani yetu, iko Gede, iko Kilwa kwenye kuta za kasri la Husuni Kubwa, iko kisiwa cha jirani cha Songo Mnara, na kwenye ngome ya Fort Jesus Mombasa Wareno nao walijichorea meli zao. Huyo wa ufunguo anatuachia habari gani? Lipu ikimeguka imemeguka, hakuna wa kuirudisha. Na ni kosa kisheria, sheria ya Kenya ya makumbusho na turathi ya 2006 iko wazi, tena Gede imeingia orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO 2024 hii hapa juzi, muongozaji anayelipwa kutupeleka pale anashindwaje kusema neno moja tu, "acha"?

Niseme ukweli, kabla ya hapo alikuwa mzuri. Kwenye lile kaburi lenye tarehe la 1399 alieleza vizuri sana, msikiti mkuu pia, nikawa nishaamua nitawasifia na nyota zote nawapa. Baada ya lile la ufunguo nikasema basi niwape tatu, kazi anaijua. Lakini hapana, kadiri ninavyoandika ndivyo naona kujua kwake ndiko kunaniuma zaidi, angekuwa hajui ningemsamehe. Nimewapigia ofisini wakaniambia "tutalifuatilia mama", kimya mpaka sasa.

Nyota moja. Gede yenyewe nendeni, tena mwende asubuhi mapema jua likiwa chini ndio mistari inaonekana, na ukimwona mtu ana ufunguo mkononi usimsubiri muongozaji, mkemee mwenyewe hapo hapo.