Nilivaa kizibao chenye elektrodi 252: uzoefu wangu

Nianze na nilichokuwa naumwa, maana kipimo hiki cha umeme wa moyo si cha kila mtu. Moyo wangu ulikuwa unaruka. Pigo linakuja kabla ya wakati wake, kisha kimya, kisha kishindo kifuani kama mtu anayebisha hodi kwa ngumi. Nafanya kazi ya usiku kwenye ghala hapa Columbus, Ohio, na ilifika mahali naegemea shehena nikisubiri kitulie. Holta, ile mashine ndogo unayotembea nayo saa 24, ilihesabu mapigo ya ziada zaidi ya 18,000. Moyo wa mtu hupiga kama mara 100,000 kwa siku, kwa hiyo piga hesabu mwenyewe. Dawa ziliniletea usingizi tu, na daktari akanieleza kwamba mapigo mengi kiasi hicho yakiachwa kwa miaka yanaweza kuudhoofisha moyo.

ECG ya kawaida, ile ya kuchora umeme wa moyo, nilishaizoea. Vibandiko 10, dakika chache, karatasi ya mistari inatoka. Yangu ilionyesha kwamba fujo inatoka chumba cha chini, pengine upande wa kulia. Sasa mtu anakaribia kuingiziwa waya moyoni ili chanzo cha fujo kiunguzwe, unamwambia "pengine"? Ndipo nikapelekwa kwenye kizibao.

Ni vipande laini vyenye elektrodi, yaani vidude vya kunasa umeme wa moyo, vinabandikwa kifuani, ubavuni na mgongoni. Nilinyolewa kwanza, nikabaki kama kuku wa sikukuu. Kisha unaingia kwenye CT scan ukiwa umekivaa vilevile, ili kompyuta ijue umbo la moyo wako na mahali ilipo kila elektrodi. Hapo ndipo penye akili yote. Umeme unaofika kwenye ngozi umeshapita kwenye mapafu, nyama na mafuta, umetawanyika. Kompyuta inaurudisha kwa hesabu mpaka kwenye uso wa moyo, kama mtu anayesikia ngoma kutoka mtaa wa pili akataja nyumba yenye shughuli. Profesa Yoram Rudy na wenzake walikesha na hesabu hiyo kwa miaka mingi huko Cleveland, mwendo wa saa mbili kwa gari kutoka kwangu, na mwaka 2004 wakachapisha matokeo ya kuwapima watu katika jarida la Nature Medicine.

Basi tukaunganisha nyaya. Na moyo wangu, uliokuwa ukinisumbua usiku kucha, ukatulia tuli! Kama mtoto mtukutu akiona wageni. Tukasubiri. Dakika arobaini, hakuna kitu. Hili hawakuniambia mapema: kipimo hunasa pigo linalotokea, hakiwezi kuliita. Uzuri wake ni kwamba pigo moja tu linaweza kutosha kuchora ramani. Mwishoni fundi akaniambia nisimame nipige mguu papo hapo kama askari wa gwaride, kisha nilale haraka. Moyo ulipoanza kushuka kasi, hodi ikapigwa. Moja, mbili, ya tatu. Fundi akacheka kuliko mimi.

Wakanigeuzia skrini. Nikauona moyo wangu mwenyewe, na rangi zinasambaa juu yake kuanzia nukta moja nyekundu upande wa kulia juu, karibu na njia ya damu kwenda mapafuni. Miezi minane naambiwa ni mawazo, ni kahawa, ni zamu za usiku. Kumbe kuna mahali, pana ukubwa wa ukucha.

Nilipompigia mama kule Tanga kumweleza, baada ya shikamoo akaniuliza, "Wamekupima umeme? Umeme gani mwanangu, huu wa LUKU?"

Wiki tatu baadaye nikaenda kuunguzwa hiyo sehemu kwa katheta, ule waya mwembamba, iliyopitishwa kwenye mshipa wa kinena. Hapa niwe mkweli. Ramani ya kizibao ilitufikisha mtaani, mlango aliutafuta daktari mwenyewe kwa katheta. Chanzo kilikuwa kwenye ukuta unaogawa pande mbili za moyo, na kizibao huchora uso wa nje, kwa hiyo ukuta huo wa ndani hakiuoni vizuri. Lakini alijua aanzie wapi, na hiyo si haba ukiwa umelala pale unaona dari. Wenye chanzo kinachoonekana wazi kwenye ECG pengine hawakihitaji kabisa.

Kuhusu pesa: bima ilikataa mara ya kwanza, ikakubali baada ya daktari kuandika barua. Usikubali jibu la kwanza. Kuna mionzi ya CT pia, kwa hiyo mama mjamzito aseme mapema. Na uende na shati la vifungo, si la kuvaa kwa kichwa.

Holta ya miezi mitatu baadaye ilihesabu mapigo ya ziada 41. Naegemea shehena siku hizi nikitaka tu kupumzika.

Natoa nyota nne kati ya tano. Ya tano ilibaki kwenye gundi: kubandua kulichukua muda mrefu kuliko kipimo chenyewe, na mgongo uliniwasha wiki nzima.