Yuka ipi ununue kwa bustani ya maji kidogo, Dallas na vitongoji vyake

Kwanza tuondoe mkanganyiko unaotupata wengi tukifika Marekani. Yuca ya sokoni, yenye c moja, ni muhogo. Yucca ya bustanini haina undugu na muhogo hata kidogo. Ndugu yake ni mkonge. Aliyewahi kupita mashamba ya Korogwe ataitambua mara moja: majani kama panga, na mlingoti wa maua unaochomoza katikati.

Ya kwanza kwangu, bila kusita, ni Yucca pallida. Hapa ndipo kwao. Inaota yenyewe kwenye mbuga za udongo mweusi na chokaa za kaskazini mwa Texas, kwa hiyo jua la Agosti na barafu ya Januari imezizoea. Haina shina, majani yake ya kijivu chenye ubuluu huishia usawa wa goti, na bustani ndogo inaitosha. Maua yake meupe huchavushwa na nondo mdogo mweupe. Jike hukusanya chavua kwa makusudi, hulipelekea ua jingine, kisha hutaga humo humo. Viwavi hula mbegu kadhaa na kuacha zilizobaki. Mimea na nondo hawa wanategemeana kabisa, na mimi hununua yuka ya kienyeji kwa ajili ya nondo huyo kama ninavyoinunua kwa macho yangu.

Ya pili ni Yucca rupicola, ya vilima vya mawe karibu na Austin na San Antonio, majani yamejipinda kama utepe. Kama uwanja wako una kivuli cha miti, anza na hii.

Ya tatu huuzwa kwa jina la yuka nyekundu, ingawa si yuka: ni Hesperaloe parviflora. Haina ncha ya kuchoma, basi inafaa penye watoto. Huchanua tangu masika hadi vuli, na ndege wadogo wanaonyonya asali, mfano wa chozi wa kwetu, huifuata.

Yucca rostrata, yenye shina na kichwa cha mviringo, naiweka mwisho. Ni nzuri mno, lakini hukua polepole, kwa hiyo shina la mita moja unalilipia miaka mingi. Nyingine kubwa zimeng'olewa porini na kukatwa mizizi. Ukiipenda, nunua ndogo.

Kitaluni, soma jina la Kilatini kwenye kibandiko. Bonyeza shingo ya mche: ikibonyea au ikinuka, uache. Huenda fukusi amekwisha ingia, yule yule anayesumbua mkonge Tanzania.

Panda vuli, juu ya tuta lenye kokoto, penye jua. Mwaka wa kwanza mwagilia udongo ukikauka kabisa. Baada ya hapo iachie mvua. Yuka nilizoziona zikifa hapa ziliozeshwa na maji ya kila siku ya kunyunyizia nyasi.