Cherehani ya Kushonea Nyumbani: Mpangilio Wetu, na kwa Nini Singer Mpya Imeshuka

Mtu aliyeshona nyumbani kwa miaka ishirini huwa haulizi chapa. Bibi alikuwa na Singer, mama akairithi, basi cherehani ikichoka anaingia dukani kutafuta Singer. Anaonyeshwa mashine nyeupe ya plastiki, jina ni lilelile, lakini akiinyanyua kwa mkono mmoja anashangaa. Ile ya bibi ilibebwa na watu wawili.

Jina limebaki, waliokuwa nyuma yake wamebadilika. Kiwanda kikubwa cha Clydebank, Uskoti, kilichotengeneza vichwa vingi vyeusi vya enzi hizo (kichwa ni cherehani yenyewe bila meza yake), kilifungwa mwaka 1980. Tangu miaka ya 1960 kampuni ilikuwa imeanza kuweka gia za nailoni ndani ya mashine kama Touch & Sew, na nailoni ikikaa miaka mingi hukauka ikapasuka. Mwaka 1989 Singer ilinunuliwa na kampuni ya Semi-Tech. Mwaka 1999 ikaomba kinga ya mufilisi Marekani, na mwaka 2006 ikaunganishwa na chapa nyingine za cherehani, Husqvarna Viking na Pfaff, chini ya kampuni moja, SVP Worldwide. Kwa hiyo aliyekasirishwa na Singer akahamia Pfaff amehama chumba, nyumba ni ileile.

Tumepanga hapa kwa kuangalia kazi za nyumbani: kupinda kanga, kushona madera na sare za shule, mapazia, kupunguza nguo za mtumba, na jinzi mara mojamoja. Vigezo vyetu ni vitatu: spea zinapatikana mtaani? Fundi wa kawaida anaweza kuifungua? Umeme ukikatika, kazi inasimama?

1. Kichwa cha chuma cha muundo wa 15, cha kukanyaga: Butterfly na ndugu zake

Namba 15 ilikuwa ya Singer yenyewe. Viwanda vya Japani vikaunakili muundo huo baada ya vita vya pili vya dunia, na Wachina wakafuata. Butterfly ya Shanghai, yenye alama kama JA2-1, ni mjukuu wa Singer ile ile mnayoililia. Kwa sababu imenakiliwa na wengi, spea zake zimejaa: ndoana (inayodaka uzi wa sindano kule chini), nyumba ya bobini, meno ya kusukuma kitambaa, springi ya kikaza uzi. Spea ya chapa moja mara nyingi huingia kwenye chapa nyingine, na hilo ndilo lililoiweka juu.

Bobini yake ina pande bapa na kipenyo cha milimita 20 hivi. Sindano ni 15x1, ambayo kwenye pakiti huandikwa pia HAx1 au 130/705H. Namba 80/12 inafaa kanga na pamba nyepesi, 90/14 kitenge na sare, 100/16 jinzi.

Udhaifu wake ni umaliziaji. Vichwa vipya vingi hutoka kwenye boksi vikiwa na grisi nzito ya kuzuia kutu, na skrubu zilizokazwa bila mpangilio. Usianze kushona siku hiyo. Futa grisi kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, acha ikauke, kisha tia tone moja la mafuta ya cherehani kwenye kila tundu na kila mahali chuma kinaposugua chuma. Zungusha gurudumu kwa mkono dakika tano, ukilivuta upande wa juu lije kwako. Mafuta ya kupikia usiyaguse: yanaganda kama gundi, na cherehani nyingi "zilizokufa" stoo zimekufa kwa hayo tu.

Mkanda wa ngozi huja mrefu kupita kiasi. Uzungushe kwenye magurudumu yote mawili, uvute ukaze kiasi, kata, toboa tundu sentimita nusu kutoka kila ncha, unganisha kwa kile kipini cha chuma. Ukilegea, gurudumu la chini linazunguka na la juu limelala; ukikaza mno, kukanyaga kunakuwa kuzito na magoti yatakuambia kabla ya saa kuisha. Anayeanza hukosea zaidi kwenye mwendo: akikanyaga gurudumu likarudi nyuma, uzi unakatika au unajisokota chini ya bamba. Anzisha kwa mkono kwanza, ndipo mguu ufuate.

Baadaye ukitaka umeme, mota ndogo hufungwa kwa skrubu nyuma ya nguzo ya kichwa, na mkanda wa ngozi unatolewa. Umeme ukikatika unaurudisha mkanda.

Haina zigizagi. Kingo za nguo utazificha kwa kushona mara mbili, kwanza upande wa nje kisha upande wa ndani, au utapeleka kwa mwenye ovaloki. Kwa fulana na vitambaa vinavyovutika, ruka hadi namba 3.

2. Singer ya zamani, ikiwa nzima

Hapa uaminifu wenu bado una msingi. Tumeiweka ya pili kwa sababu hujui aliyeitumia alikuwa nani. Angalia namba iliyopigwa kwenye kitako upande wa kulia: ikianza na herufi kama E, F au Y, kichwa kilitoka Clydebank. Namba iliyopigwa ndani ya chuma ni ngumu kughushi; maandishi ya dhahabu ni stika tu, na vichwa vya kisasa vyenye stika ya Singer vimejaa sokoni. Bei ya urithi kwa kichwa cha juzi ni wizi.

Si kila Singer nzee inafaa. 201K ina gia za chuma na mshono mzuri ajabu. Ukiipata nzima, kwetu inapanda hadi namba 1. 66 na ndogo yake 99 bobini yake inalala chini ya kibamba cha kuteleza, na pande za bobini zimebinuka kidogo. Ukiweka ya muundo wa 15 humo, uzi wa chini utavuta leo ulegee kesho, na utailaumu cherehani bure. Zile za 27, 28, 127 na 128 zina bobini ndefu nyembamba inayokaa ndani ya kitu mfano wa risasi. Zinashona, lakini ukipoteza risasi hiyo umebaki na pambo la sebuleni. Nyingine, 29K, yenye mkono mrefu mwembamba, ni ya fundi viatu. Mwachie.

Ukienda kuikagua, beba sindano mpya mbili (80/12 na 100/16), uzi wa rangi mbili, kipande cha kanga na kipande cha jinzi. Sindano ya muuzaji usiiamini.

Toa uzi wote, zungusha gurudumu taratibu. Lizunguke bila kukwama. Likikaza kila mahali, mara nyingi ni mafuta yaliyoganda, na mafuta ya taa yatalilegeza. Likikaza mahali pamoja tu kila mzunguko, kuna kitu kimepinda. Shika sindano uitikise mbele na nyuma: mchezo kidogo si neno, lakini ikicheza kama jino la mtoto, bomba lake limeliwa. Pitisha kucha juu ya meno ya kusukuma kitambaa. Yasipokwaruza, kitambaa kitakaa palepale na mishono itarundikana. Toa nyumba ya bobini uangalie ncha ya ndoana kwa tochi. Ikiwa butu au na mkwaruzo, ndiyo inayokata uzi.

Kisha taimingi, yaani kama sindano na ndoana zinakutana kwa wakati. Shusha sindano hadi chini kabisa, endelea kuzungusha mpaka ipande milimita 2 na nusu hivi. Hapo ncha ya ndoana inatakiwa iwe nyuma ya sindano, juu kidogo ya tundu. Ikifika mapema au ikichelewa, cherehani itaruka mishono. Si ugonjwa wa kufa, fundi anarekebisha. Lakini bei ishuke.

Mwisho weka rangi moja juu na nyingine chini, shona sentimita 20 kwenye kanga iliyokunjwa mara mbili, kisha kwenye jinzi tabaka nne. Rangi ya chini ikitokeza juu kama nukta, legeza kikaza uzi cha juu. Ya juu ikitokeza chini, kikaze. Hilo halihusiani na ubora wa mashine, ingawa wauzaji hulitumia kuuza nyingine.

3. Janome ya umeme yenye mwili wa alumini

HD3000 ina uzito wa kilo 8 na nusu, aina 18 za mishono, na bobini inayoingia kwa mbele. Haitikisiki mezani, ina zigizagi, na inapanda mkunjo wa jinzi ukiisaidia: ukifika penye unene, zungusha kwa mkono, weka kipande cha kitambaa kilichokunjwa nyuma ya kiguu ili kiguu kikae sawa. Kwa anayeshona madera ya vitambaa vinavyovutika na nguo za watoto, hii inashinda namba 1. Ila ndoana ikiharibika, spea itabidi iagizwe, na bila umeme ni boksi.

Soma kibati cha volti kabla ya kulipa. Kenya na Tanzania umeme ni volti 230 hadi 240. Cherehani za mtumba kutoka Japani ni za volti 100, za Marekani 110 hadi 120. Ukichomeka moja kwa moja utasikia harufu kabla hujashona hata inchi. Transfoma ya kushusha volti inafaa iwe na uwezo mara mbili ya mota na taa kwa pamoja. Mota ya wati 85 na taa ya 15 zinataka transfoma ya wati 200 au zaidi. Kanyagio nalo liwe la volti ileile ya mota.

4. Brother ndogo za kawaida

Nyepesi, rahisi kujifunzia, nzuri kwa pamba na mapazia mepesi. Ndani kuna plastiki nyingi na muuzaji mkweli hatakuficha. Tabaka nne za jinzi si kazi yake. Kwa binti anayeanza, inatosha.

5. Juki ya kiwandani, iliyotumika

DDL-8700 inafika mishono 5,500 kwa dakika. Kwa kanzu na sare mshono wake hauna mpinzani, na kila mji wenye viwanda vya nguo una fundi wake. Lakini ni mshono mnyoofu tu, kichwa kina uzito wa karibu kilo 30, meza yake inakula kona nzima ya chumba, na sindano ni DBx1 yenye shina la mviringo isiyoingia kwenye cherehani ya nyumbani. Ikija na mota ya klachi, inanguruma na kula umeme hata usiposhona. Badilisha uweke mota ya servo, inayozunguka unaposhona tu, kisha punguza mwendo. Anayeshona Jumamosi tu haihitaji.

6. Singer mpya, Heavy Duty 4423

Tunajua wengi mmefungua ukurasa huu kuitafuta hii. Inashona mishono 1,100 kwa dakika, ina aina 23 za mishono, na tangazo linasema ina fremu ya chuma, jambo ambalo ni kweli. Uzito wake ni kilo 6 na ushee. Tatizo letu ni jina "kazi nzito". Kasi si nguvu: kwenye unene unahitaji sindano iingie polepole kwa nguvu, na mashine nyepesi yenye mwendo mkali hukufanya ulikanyage kanyagio kuliko unavyotaka. Kwa pamba na kitenge ni mashine ya kawaida isiyo na ubaya. Kuinunua kwa sababu bibi alikuwa na Singer ndiko tunakokataa.

Dalili ya kuchunga kwenye yoyote yenye gia za plastiki, mpya au mtumba: zungusha gurudumu ukiwa umefungua sehemu ya bobini. Sindano ikipanda na kushuka huku ndoana imesimama au inasitasita, gia imepasuka. Kabla ya kukubali itengenezwe, uliza bei ya gia na ya ufundi. Mara nyingi zikijumlishwa zinakaribia bei ya mashine yenyewe.

Vile vicherehani vya betri vya mkononi hatukuviweka kwenye orodha. Vingi vinashona kwa uzi mmoja. Ukikatika mahali pamoja, mshono wote unafumuka.

Siku ya kununua chochote kati ya hizi, toka dukani pia na sindano 10 za 90/14 na 5 za 100/16, bobini 10 za muundo wake halisi (beba ya mashine ulinganishe), chupa ya mafuta meupe ya cherehani, na mkanda mmoja wa akiba. Sindano badilisha kila baada ya saa nane za kushona. Kazi ya kwanza iwe doti ya kanga: ikate katikati, kunja kila ncha mara mbili kwa nusu sentimita, urefu wa mshono milimita 2 na nusu. Hizo ni pindo nne, kila moja kama sentimita 110, na kasoro yoyote ya kikaza uzi itaonekana hapo kabla hujagusa kitambaa cha bei.