29, 27.5 au 26: uchukue baiskeli ipi ya milimani hapa Dar

Malalamiko yanayorudi kila mara kwa wasomaji hayahusu mlima wala mwendo, yanahusu tairi. Mtu ana baiskeli ya 27.5, tairi la nyuma limelika, anakwenda Kariakoo anauziwa "26 kubwa". Linaingia kwa mkono, hata vyuma vya kubandulia havihitajiki. Anajaza upepo, anafika Magomeni, limechomoka. Kwa hiyo rangi, idadi ya gia na uzito nimeviweka kando. Tuanze na kitu ambacho wauzaji hawakigusi: namba iliyochapwa ubavuni mwa tairi.

Utaona kitu kama 54-559. Hiyo 54 ni upana wa tairi kwa milimita. 559 ni kipenyo cha rimu pale tairi linapokalia, na ndiyo saizi yenyewe. Inchi, yaani 26, 27.5 au 29, ni jina la biashara. Ya milimani ya 26 ni 559, ya 27.5 ni 584, ya 29 ni 622. Sasa zile mtumba za Kijapani zenye kikapu mbele, nyingi zimeandikwa 26 x 1 3/8, na rimu yake ni 590. Phoenix la kizee, 28 x 1 1/2, ni 635.

Tairi la 590, yaani ile "26 kubwa" ya Kariakoo, kwenye rimu ya 584 linaingia kirahisi kwa sababu limezidi milimita 6 tu. Bila upepo linaonekana limekaa. Ukiongeza upepo, ukingo wake unapanda juu ya rimu, tyubu inachungulia pembeni, kisha mlio. La 635 kwenye 622 lina ugonjwa huohuo. Ukiona fundi anazungushia rimu raba ya tyubu kuukuu ili tairi "libane", chukua baiskeli yako uondoke.

Chaguo langu la kwanza ni 29, kwa mtu wa sentimita 170 kwenda juu. Ikiwa na tairi la upana wa inchi 2.1, gurudumu zima lina kama sentimita 73, 27.5 ina 69, na 26 ina 66 na nusu. (Kwa hiyo 27.5 haiko katikati kama inavyotangazwa. Iko karibu zaidi na 26.) Gurudumu kubwa halizami sana kwenye shimo, linapita juu ya kingo zake, na kwenye njia za Goba, Madale au kupanda Pugu kuelekea Kisarawe mikono inaujua utofauti huo. Kwenye mchanga wa Kigamboni, hata hivyo, usidanganywe na saizi: kinachokuvusha ni tairi pana, 2.25 hivi, lenye upepo mdogo. Uliyejaza psi 50 (psi ni kipimo cha upepo) kwenye 29 utasukuma kama wengine.

Gharama yake ipo. Kwa gia ileile, 29 ni nzito kukanyaga kwa karibu asilimia 10 kuliko 26, hivyo hesabu meno: gia ndogo ya mbele yenye 30 au pungufu, na kubwa ya nyuma yenye 32 au zaidi. Spoku pia ni ndefu, na gurudumu linapinda upande kwa urahisi zaidi. Hapo ndipo ninapoipendelea Trek Marlin, kuanzia Marlin 5, na sifichi. Kwenye habu ya nyuma, yaani kitovu cha gurudumu, ina kaseti (meno yanayochomekwa juu ya habu) badala ya friwili (meno na mtambo wake wa kuzungukia, vinavyofungwa pamoja kwa nyuzi), kwa hiyo beringi ya upande wa gia inakaa karibu na fremu. Kwenye habu ya friwili beringi iko ndani sana, ekseli inabaki na kipande kirefu kisichoshikiliwa, na ukishuka ukingo wa barabara na mzigo inapinda au kukatika. Halafu Trek hawalazimishi namba: fremu ndogo za Marlin huja na 27.5, kubwa na 29, maana mtu mfupi kwenye 29 akikata kona ncha ya kiatu inagusa tairi la mbele.

Ya pili ni 26, mtumba safi wa Giant au Trek wenye fremu ya alumini. Tairi za 559 na tyubu zake zipo kwa kila fundi, kwa safari za Sinza hadi Posta huhitaji zaidi, na ni nyepesi kubeba hadi ghorofa ya tatu.

27.5 naiweka mwisho. Haina kosa barabarani. Mwaka 2012 Nino Schurter, Mswisi wa mbio za baiskeli za milimani, alitwaa ubingwa wa dunia akiiendesha. Kosa ni hilo tairi la 590 linaloingia bila kubishana. Ukiwa mfupi na Marlin ndogo ndiyo inayokutosha, nunua, lakini usiridhike hadi uwe na tairi mbili za akiba zenye 584 ubavuni.

Mpya za bei chee zenye "29" kubwa kwenye fremu: friwili ya nyuzi, uma wa mbele usiorudi ukiubonyeza. Pita.

Na hapa niseme. Bei inapandishwa kwa namba, si kwa vyuma. "Bosi wangu, hii 29, hii ni mashine," na ukimwuliza habu ni ya aina gani anakuonyesha stika. Pakiti ya tairi la 26 x 1 3/8 inatundikwa pamoja na la 26 x 2.1, na ukirudi nalo unaambiwa fundi wako hajui kufunga.

Kabla hujatoa hela, inua gurudumu la nyuma ulizungushe ukitazama rimu dhidi ya fremu. Likiyumba zaidi ya milimita 2, fundi wa spoku ana kazi. Minya spoku mbilimbili. Zikilegea upande wa gia zitakatika pale zinapojikunja kwenye habu. Chukua spoku nne za akiba zilizopimwa kwenye gurudumu lenyewe, mbili kila upande, kwa kuwa upande wa gia huwa fupi kidogo. Mwisho tazama vali. Nene kama ya pikipiki, kila kituo cha bodaboda kitakujazia upepo. Nyembamba yenye kinati juu, nunua na kichwa chake cha kubadilishia, ukifunge kwenye pampu yako kabisa.