Chipu za Kawaida au Zilizokingwa Dhidi ya Mionzi kwa Setilaiti za Redio ya Ridhaa?

Kwa gharama hakuna ubishi: chipu za kawaida ni za bei nafuu, hupatikana haraka na zina uwezo mkubwa, ilhali zilizotengenezwa kustahimili mionzi ya angani ni ghali mno na mara nyingi ni za teknolojia iliyopitwa na wakati.

Uhakika ndio wenye mengi ya kusemwa. Protoni moja yenye nishati kubwa ikipenya kwenye kumbukumbu ya kompyuta yaweza kugeuza sifuri kuwa moja, programu ikavurugika. Mionzi ikilimbikizana kwa miaka, chipu yenyewe huharibika. OSCAR 10, setilaiti ya redio ya ridhaa iliyorushwa mwaka 1983 katika mzingo mrefu unaokatiza mikanda ya Van Allen (maeneo ya mionzi mikali yanayoizunguka Dunia), iliharibikiwa kumbukumbu mwaka 1986 na haikuweza tena kuongozwa, ingawa mitambo yake ya kurusha mawimbi iliendelea kusikika kila ilipopata jua la kutosha. OSCAR 13 ya mwaka 1988 ikapewa kumbukumbu zilizokingwa.

Kwa uangalizi, chipu za kawaida hudai kazi zaidi: programu ya kusahihisha makosa, saketi ya kuiwasha upya kompyuta iliyoganda, na nyingine ya kukata umeme mkondo unapozidi ghafla.

Kwa mradi wa wanafunzi wa mwaka mmoja au miwili, kwenye kimo cha kilomita 500 hivi, ningetumia za kawaida, nikikumbuka kwamba hata huko setilaiti hupita juu ya Atlantiki ya Kusini, ambako mionzi huzidi. Anayelenga mzingo wa juu kwa miaka mingi na akinge angalau kompyuta kuu.